Hasara Isiyoandikwa Kwenye Vitabu vya Hesabu

Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilimfukuza kazi mhandisi wake mmoja, Lynn Conway. Alikuwa na umri wa miaka 30, amesoma Chuo Kikuu cha Columbia, na tangu 1964 alikuwa akiifanyia kampuni hiyo utafiti wa kompyuta. Alipangiwa mradi wa ACS, uliokusudia kuunda kompyuta ya kasi kupita zote za wakati ule, na humo akabuni namna ya kuiwezesha prosesa kutekeleza amri kadhaa kwa pamoja bila kufuata foleni. Mpishi mzoefu hakai akitazama maharage yachemke ndipo aanze kukata vitunguu. Hushika kila kinachoweza kufanyika sasa, na kinachotegemea kingine hukiacha kisubiri. Conway aliipangia mashine ifanye hivyo hivyo, huku akihakikisha kwamba jibu la mwisho halibadiliki. Kufikia miaka ya 1990 mbinu za aina hiyo zilikuwa zimeenea katika prosesa za kompyuta za kawaida. Kilichomwondoa kazini hakikuwa uzembe wala utovu wa nidhamu. Aliueleza uongozi kwamba anabadili jinsia na kwamba tangu hapo ataishi kama mwanamke. Uongozi wa juu ukaamua aondoke.

Alianza upya kwa jina jipya, akiwa mtayarishaji wa programu wa kazi za mkataba, bila kuwaambia waajiri wake wapya lolote kuhusu aliyoyafanya IBM. Kila mtafuta kazi anajua maana ya kuingia kwenye usaili ukiwa umelazimika kukifuta kipande bora cha wasifu wako. Mwaka 1973 aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, na hapo ndipo alipofanya kazi iliyobadilisha tasnia nzima. Akishirikiana na Carver Mead wa Caltech, alirahisisha kanuni za kusanifu chipu kiasi kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu aliweza kufanya kazi iliyokuwa imehodhiwa na wataalamu wachache ndani ya viwanda vikubwa. Mwaka 1978 alifundisha somo hilo MIT, na wanafunzi wake wakaona michoro yao ikigeuka kuwa chipu halisi. Mwaka uliofuata vyuo vikuu kadhaa vilituma michoro yao kupitia mtandao wa ARPANET, ikaunganishwa na kutengenezwa kwa pamoja, na chipu zikarudi kwa wenyewe baada ya wiki chache. Miongoni mwa michoro hiyo kulikuwa na kazi ya awali ya Jim Clark kuhusu michoro ya kompyuta, iliyozaa kampuni ya Silicon Graphics. Kitabu cha Mead na Conway kilitoka mwaka 1980 na kikawa kitabu cha kiada katika vyuo vingi. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020, miaka 52 baada ya kumfukuza. Alifariki Juni 2024.

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba ubaguzi huangusha kampuni. Hakithibitishi hivyo, na ni vizuri kulisema hilo mapema. IBM haikuanguka. Mradi wa ACS ulifungwa mwaka 1969 kwa sababu za ndani ya kampuni, na IBM ikaendelea kutawala soko la kompyuta kubwa kwa miaka mingi. Mhasibu aliyefunga hesabu za 1968 hakuona hasara yoyote. Kama aliona kitu, aliona mshahara mmoja umeokolewa. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Mashine ikiharibika kiwandani, gharama yake huandikwa. Mzigo ukizama baharini, bima huulizwa. Lakini mtu hodari akifukuzwa, au akiamua kutoomba kazi kabisa, au akibaki huku nusu ya akili yake ikishughulika na kujificha, hakuna safu ya hesabu inayopokea hasara hiyo. Alichokibuni baadaye huonekana kama mapato ya mtu mwingine. Ndiyo maana swali linaloulizwa siku zote, kama kuwajumuisha wafanyakazi wa LGBT (mashoga, wasagaji, wapenzi wa jinsia zote mbili na waliobadili jinsia) huongeza faida, linatupeleka mahali ambapo ushahidi ni dhaifu. Swali lenye ushahidi imara ni lile la upande wa pili: kuwatenga kunagharimu nini, na gharama hiyo inalipwa wapi?

Tuanze na upande dhaifu, kwa sababu ndio unaotangazwa zaidi. Mwaka 2016 benki ya Credit Suisse ilichapisha uchambuzi wa kampuni 270 zilizokuwa na viongozi wa LGBT wanaojulikana wazi, au zilizosifika kwa kuwatendea haki wafanyakazi hao, na ikaonyesha kwamba tangu 2010 hisa za kampuni hizo zilikuwa zimeupita wastani wa soko la dunia kwa takriban asilimia 3 kila mwaka. Takwimu hiyo ilizunguka kwenye mikutano na ripoti nyingi. Lakini kundi la kampuni zilizochaguliwa kwa namna hiyo hujaa kampuni kubwa za teknolojia na fedha kutoka miji tajiri, na miaka hiyo ilikuwa miaka mizuri kwa kampuni za teknolojia kwa sababu zisizohusiana na sera za ajira. Credit Suisse yenyewe, pamoja na sera zake za kujumuisha, ilidhoofika kwa kashfa na usimamizi mbovu wa hatari hadi ikanunuliwa na UBS kwa haraka mwezi Machi 2023. Sera nzuri ya ajira haimwokoi mkopeshaji anayekopesha vibaya, na hakuna aliyepaswa kuahidi kwamba itamwokoa.

Watafiti wa vyuo vikuu wametoa picha yenye mchanganyiko. Derek Johnston na Mary Malina, mwaka 2008, walitazama bei za hisa pale alama za kampuni zilipotangazwa katika faharasa ya usawa ya Human Rights Campaign, shirika la Marekani linalotetea haki za watu wa LGBT, faharasa iliyoanza mwaka 2002 kwa kampuni 13 tu kupata alama 100, na wakakuta soko halikushangilia wala kuadhibu. Shaun Pichler na wenzake, mwaka 2018, walikuta kampuni zenye sera hizo zina thamani kubwa zaidi na tija kubwa zaidi, hasa zile zinazofanya utafiti na uvumbuzi. Hata hivyo, matokeo ya namna hiyo hayawezi kuepuka swali la mwenye shaka: je, sera ndiyo iliyoleta utajiri, au utajiri ndio uliolipia sera? Kampuni yenye faida nono inaweza kumudu idara kubwa ya rasilimali watu, bima ya afya kwa wenzi wa kila namna na mafunzo kwa mameneja. Kampuni inayohangaika kulipa mishahara haiwezi. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2024 Jeremiah Green na John Hand walipojaribu kurudia matokeo maarufu ya kampuni ya ushauri ya McKinsey kwamba mchanganyiko wa rangi na asili katika uongozi wa kampuni huendana na faida kubwa zaidi, kwa kutumia kampuni za Marekani za faharasa ya S&P 500, hawakuyapata. Utafiti wao haukuhusu LGBT, lakini onyo lake linagusa kila anayeuza usawa kwa kaulimbiu ya faida. Anayejenga hoja yake juu ya takwimu inayoweza kubomoka huwaacha anaowatetea bila ngao siku takwimu hiyo itakapobomoka.

Ushahidi ninaouona kuwa bora kuliko wote ulitoka kwa Huasheng Gao na Wei Zhang, uliochapishwa katika jarida la Management Science mwaka 2017. Ubora wake uko katika namna ulivyolikwepa swali la yai na kuku. Nchini Marekani kwa muda mrefu hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyotamka waziwazi kwamba ni marufuku kumfukuza mtu kazi kwa sababu ni shoga au msagaji. Kila jimbo lilijiamulia, kwa wakati wake. Wisconsin ilitangulia mwaka 1982, Massachusetts ikafuata 1989, California na New Jersey 1992, na mengine yakaendelea kuongezeka. Kampuni haikuchagua mwaka ambao jimbo lake lingepitisha sheria. Kwa hiyo mtafiti anaweza kulinganisha kampuni zilizoguswa na sheria na zile ambazo hazijaguswa bado, kabla na baada, na kuona tofauti ambayo haitokani na ukarimu wa kampuni tajiri. Gao na Zhang walipima uvumbuzi kwa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Kampuni zenye makao katika majimbo yaliyopitisha sheria ziliongeza hataza zao kwa asilimia 8 kuliko zile za majimbo mengine, na hataza hizo zilirejelewa na wavumbuzi wengine kwa asilimia 11 zaidi, yaani ziliongezeka kwa idadi na kwa uzito pia.

Kilicho ndani ya matokeo hayo kinanishawishi kuliko hata asilimia zenyewe. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa kampuni ambazo awali hazikuwa na sera yoyote ya kutobagua. Kama utajiri ndio ungekuwa chanzo, basi kampuni zilizokuwa zimeshaweka sera kwa hiari ndizo zingeongoza. Lakini zilizolazimishwa na sheria ndizo zilizobadilika zaidi, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikipoteza zaidi. Ongezeko lilikuwa kubwa pia katika sekta zinazotegemea elimu na ubunifu wa watu kuliko mitambo. Na watafiti waliona dalili kwamba jambo hili linahusu nani anakwenda kufanya kazi wapi: wavumbuzi wanahama, na mahali penye kinga ya kisheria panawavuta watu wenye fikra pana, wawe wa LGBT au wasiwe. Mhandisi asiye shoga hata kidogo anaweza kuiangalia kampuni inayomfukuza mwenzake kwa sababu ya mpenzi wake na kujiuliza ni sababu gani isiyohusu kazi itatumika dhidi yake yeye kesho.

Gharama ya kutenga huanzia mlangoni. András Tilcsik alituma maombi ya kazi ya kubuni kwa nafasi 1,769 katika majimbo saba ya Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2011. Kwa kila nafasi alituma maombi mawili ya vijana wawili wenye sifa zinazolingana; mmoja wasifu wake ulionyesha kwamba alikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi mashoga chuoni, mwingine alikuwa na wadhifa wa aina hiyo hiyo katika chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto. Aliyetaja chama cha mashoga aliitwa kwenye usaili mara 7.2 kwa kila maombi 100. Mwenzake aliitwa mara 11.5. Mmoja alihitaji kuomba nafasi karibu 14 ili aitwe mara moja, mwingine nafasi zisizofika 9. Pengo lilipanuka pale tangazo la kazi lilipodai mtu mkakamavu, mshindani, mwenye maamuzi, kana kwamba meneja aliyeandika tangazo alikuwa ameshajichorea sura ya mwanamume anayemtaka. Mwajiri aliyetupa maombi yale alilipia matangazo, akalipia muda wa kuchuja karatasi, kisha akaondoa mtu mwenye sifa alizozitafuta mwenyewe. Aliyepita mlangoni naye alikutana na pengo la mshahara: utafiti wa mwanauchumi Lee Badgett wa mwaka 1995 ulikadiria kwamba wanaume mashoga na wapenzi wa jinsia zote mbili walilipwa pungufu kwa asilimia 11 hadi 27 kuliko wanaume wengine wenye elimu, uzoefu na kazi sawa na zao.

Halafu kuna gharama ya anayebaki akijificha, na hii inapanda hadi ofisi ya juu kabisa. John Browne aliiongoza BP tangu 1995 na kuifanya mojawapo ya kampuni kubwa za mafuta duniani. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu kazini kwamba ni shoga. Gazeti moja la Uingereza lilipotaka kuchapisha simulizi ya aliyekuwa mpenzi wake, Browne alikwenda mahakamani kulizuia, na katika maelezo yake akasema uongo kuhusu jinsi walivyokutana. Mei 2007 uongo ulifichuka na akajiuzulu. Kosa la kuidanganya mahakama lilikuwa lake, wala hakulikana. Lakini kampuni ilikuwa imemweka kwenye usukani mtu anayetawaliwa na hofu moja ambayo bodi haikuijua, na hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye uamuzi mbaya kuliko yote. Mwaka 2014 aliandika kitabu, The Glass Closet, akiwahimiza viongozi wa biashara wasiwaache wafanyakazi wao waishi maisha mawili kama aliyoishi yeye.

Wapo watakaojibu kwa kutaja Bud Light. Aprili 2023 bia hiyo ilitumia tangazo fupi la mtandaoni la Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia. Wateja wengi wakasusa, mauzo yakaporomoka, na ndani ya miezi michache bia ya Modelo Especial ikachukua nafasi ya kwanza kwa mauzo Marekani. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Ila tuangalie ilihusu nini. Lilikuwa tangazo kwa wanywaji, wala halikuhusu namna kampuni inavyoajiri, inavyolipa au inavyopandisha vyeo. Na kampuni ilipoyumba na kushindwa kumtetea mtu iliyemwalika yenyewe, Human Rights Campaign nayo ikasimamisha alama 100 ambazo kampuni ilikuwa nazo kwenye faharasa. Kampuni ikawa imewaudhi wote. Funzo la soko hapo ni kuhusu kampuni isiyojua inasimamia nini. Kumwekea mfanyakazi wa kiwandani bima ya mwenzi wake hakuhitaji tangazo lolote kwa mnywaji, na biashara nyingi zingefanya vizuri zaidi kama zingepunguza bendera za upinde wa mvua za mwezi Juni, mwezi wa sherehe za LGBT, na kuongeza umakini kwenye kanuni za kupandisha watu vyeo.

Mwaka 2024 Tractor Supply, Harley-Davidson, Lowe's na Ford zilitangaza kujitoa kwenye faharasa ya Human Rights Campaign, kwa shinikizo la wanaharakati wa kihafidhina, na tangu 2025 serikali ya Rais Trump imekuwa ikizibana programu za kujumuisha watu wa aina mbalimbali. Wengine wanaona hapo ushahidi kwamba jambo lenyewe lilikuwa fasheni iliyopita. Lakini hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2020, katika shauri la Bostock, bado ipo. Majaji sita dhidi ya watatu, kwa hukumu iliyoandikwa na Neil Gorsuch, jaji wa kihafidhina aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, walisema kwamba kumfukuza mtu kwa sababu ni shoga au amebadili jinsia ni ubaguzi wa jinsia unaokatazwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Zaidi ya kampuni 200 ziliwasilisha mahakamani maelezo ya kuunga mkono upande wa wafanyakazi. Na Januari 2025 wanahisa wa Costco, watu walioweka fedha zao pale na wasio na sababu ya kuzichezea, walikataa kwa zaidi ya asilimia 98 pendekezo lililotaka kampuni ipime hatari za sera zake za kujumuisha watu wa aina mbalimbali.

Pingamizi la uchache nalo husikika: kwa nini kampuni nzima ijishughulishe na watu wachache? Kura ya maoni ya Gallup ilikuta asilimia 3.5 ya watu wazima wa Marekani wakijitambulisha kuwa LGBT mwaka 2012, na asilimia 9.3 mwaka 2024, na miongoni mwa vijana waliozaliwa baada ya 1996 ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Mwajiri wa Marekani anayetafuta wahitimu wapya hawezi kusema kwamba hao ni wachache.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, nami nalipa heshima yake. Mfanyakazi Mkristo au Mwislamu anayeamini kwamba uhusiano wa watu wa jinsia moja ni dhambi hapaswi kulazimishwa kuiacha imani yake ili apate mshahara. Sera ya kutobagua inamtaka kitu kidogo kuliko hicho: amfundishe kazi mwenzake, ampe taarifa anazozihitaji, ampime kwa matokeo yake, asimtukane. Ni yale yale anayodai yeye mwenyewe afanyiwe na bosi asiye wa dini yake. Sheria ile ya 1964 inayomlinda shoga kwa tafsiri ya Bostock ndiyo inayomlinda anayesali, kwa neno lililoandikwa waziwazi.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Takwimu nilizozitaja ni za Marekani, na hazihamishiki. Kenya, Uganda na Tanzania zinaadhibu kwa jinai ngono ya watu wa jinsia moja, kwa vifungu ambavyo baadhi yake vilitokana na sheria za ukoloni wa Uingereza, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, inayokataza kubagua kwa kabila, dini, ulemavu, ujauzito au hali ya VVU, haitaji mwelekeo wa kimapenzi. Mfanyakazi anayejificha hapa anaogopa polisi na ndugu zake pamoja na bosi wake, na meneja mwenye nia njema ana nafasi finyu. Kinachovuka mipaka ni utaratibu wenyewe wa hasara: popote ambapo ajira inapimwa kwa jambo lisilohusu kazi, anayelipa ni kampuni pia, hata kama vitabu vyake havionyeshi.

Limebaki pingamizi ambalo watu wa LGBT wenyewe hulitoa, nalo ndilo ninalolikubali zaidi. Wanauliza: kwa nini heshima yetu ithibitishwe kwa hataza na bei za hisa? Kama kesho utafiti ungeonyesha kwamba kutubagua kunaleta faida, mngetufukuza? Jibu ni kwamba hapana, na kwa sababu hiyo hoja ya faida haiwezi kuwa msingi. Haki ya Conway ya kubaki kazini ilikuwa kamili mwaka 1968, kabla hajabuni chochote Xerox, na ingekuwa kamili hata kama angekuwa mhandisi wa wastani. Lakini bodi za kampuni husikia lugha ya gharama, na gharama hii ni ya kweli, kwa hiyo si kosa kuizungumza lugha hiyo mbele yao ilimradi tusiahidi kisichothibitishwa.

Kwa mwajiri anayesoma, pendekezo langu ni la kazi ya wiki moja. Chukua mafaili ya walioacha au walioachishwa kazi katika miaka mitano iliyopita, watenge wale ambao tathmini zao zilikuwa nzuri, kisha usome sababu za kuondoka kwao, na pale sababu ilipoandikwa kwa maneno ya jumla, mtafute aliyeondoka umuulize. Ukishajua ni wangapi waliondoka kwa jambo lisilohusu kazi yao, piga hesabu ya kuwatafuta, kuwafundisha na kuwabadilisha, kisha iweke mbele ya bodi.